Kamishna na Ukurasa Mtupu

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na paa lako limeacha kuvuja. Sisi hatujambo. Goti la baba linamsumbua kila akipanda ngazi, ila mdomo wake haujaguswa na ugonjwa wowote. Juzi mezani alisema, "Dada yangu anakaa peke yake kule kama mlinzi wa ghala. Siku moja ataanguka, na sisi tutaambiwa na majirani." Amekwisha kupaka rangi chumba cha nyuma, anasema ni chako. Nakueleza mapema ili lisije kukushtua.

Lililonifanya nishike kalamu ni tangi la samaki. Toka ulipostaafu na kuniachia, miaka mitatu sasa, sijawahi kukusumbua. Lakini kwa mwezi mmoja nimetoa maiti tatu, zote za wale wadogo wa fedha wanaotembea kundi. Mikia imeliwa. Mwenye makosa namjua, ni Kamishna wako. Ameshika kona yote ya kulia, kwenye kile chungu, na anayepita hapo anafukuzwa hadi upande wa pili. Yule bapa mweupe ameng'atwa pezi mpaka linaning'inia kama kitambaa.

Unajua ukumbi wa hospitali ulivyo. Meza yangu ya mapokezi inatazama tangi, na watoto wanaosubiri sindano wanakaa mbele yake. Jumatatu mmoja aliona samaki akikatwa vipande, akalia mpaka homa ikapanda. Metroni akanijia: "Karani, wagonjwa wangu wameletwa hapa watulie. Hawakuletwa kutazama vita." Sasa anahesabu samaki kila asubuhi kama anavyohesabu mashuka. Walikuwa ishirini na wawili, leo ni kumi na tisa. Amesema wakishuka chini ya kumi na tano, tangi litatolewa na pale patawekwa kabati la mafaili.

Nifanye nini?

Mpwa wako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Paa limetulia, mimi pia. Samahani kwa kuchelewa. Siku hizi naandika saa sita mchana tu, jua linapoingia dirishani, na wiki nzima kulikuwa na mawingu. Na tafadhali usinipigie simu dukani. Pale maneno yangu yanafungwa pamoja na sukari ya watu.

Mwambie baba yako rangi ya chumba ni nzuri, akae yeye. Nyumba hii naijua kila msumari. Sihami. Asiniulize tena.

Sasa tangi. Samaki hawana chuki, na ukianza kuwafikiria wana chuki utakosea tiba. Wanapigana kwa mambo matatu: mahali, chakula na ndoa. Sisi tumeongeza la nne, heshima, ila wao hawajafika huko. Kamishna ana miaka saba humo ndani na hajawahi kuua. Kwa hiyo kuna kitu kimebadilika, na kazi yako ni kukitafuta. Kabla hujajibu lolote, nijibu hili: tangi limeingia mgeni? Sheria yangu unaijua. Hakuna samaki anayeingia humo bila mimi kujua.

Kama hakuna mgeni, basi ni mahali. Ondoa mawe yote, chungu na mimea, uvipange upya kabisa. Kila samaki akiamka asiione nyumba yake, hata mbabe ataanza upya kama wengine. Kisha lisha pande mbili kwa wakati mmoja, ili asiweze kulinda sahani zote. Usipige kioo kumtisha. Wewe ndiye utakayeonekana mwehu, naye hatakusikia.

Shangazi yako

6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima. Barua yako baba aliisoma begani kwangu. Akasema mistari yako inapanda mlima na kushuka, labda siku hizi unaandikia gotini. Nikamwambia ndiyo.

Nimepanga upya kila kitu kama ulivyosema, na kwa siku nne ukumbi ulikuwa mtulivu mpaka daktari wa meno akaja kukaa pale kunywa chai. Siku ya tano vita vikarudi, vibaya zaidi. Chungu nilikihamishia kushoto, sasa kona ya kushoto ndiyo haipitiki. Wamekufa wengine watatu. Tumebaki na kumi na sita.

Uliniuliza maswali. Mimi si hodari wa kueleza, kwa hiyo nimekuchorea. Humo kuna tangi zima: chungu kilipo, chujio lilipo, na kila samaki mahali anapokaa. Nimetumia kalamu za rangi za watoto wa wodini. Tafadhali uutazame vizuri mchoro huo, Shangazi. Kila ulichouliza kimo humo, utaona mwenyewe. Kama umekasirika utaniambia.

Mpwa wako

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na poleni kwa goti. Mimi ni mzima. Nimepanda mboga nyuma ya jiko, zinaota vizuri, nazishika kila asubuhi.

Mchoro nimeupata. Umechora vizuri, mkono wako umekomaa. Nimeona ulichotaka nione, wala sina hasira. Tuendelee na tiba.

Kama kupanga mawe hakukutosha, mtoe Kamishna mwenyewe kwa siku kumi. Mweke kwenye ndoo kubwa safi, maji yatoke kwenye tangi hilo hilo, umfunike asiruke, na umbadilishie maji kidogo kila siku. Hatua hii inafanya kazi mbili. Wanyonge wanapumua na kugawana nafasi, na yeye akirudi anakuta amekuwa mgeni. Lakini kumtoa ni rahisi. Kumrudisha ndiko kunakoua, na hapa usikosee hata hatua moja:

(Ukurasa wa pili hauna maandishi.)

na ukishamaliza hayo, taa ya tangi ikae imezimwa siku nzima, wewe ukae hapo usibanduke. Ukimwona anatulia karibu na ukuta, mmefaulu.

Msalimie baba yako. Chumba bado ni chake.

Shangazi yako

15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Leo sina habari za nyumbani.

Kamishna amekufa.

Nilimtoa kama ulivyosema. Siku kumi alikaa ndooni chini ya meza yangu, nikimbadilishia maji kwa kikombe. Nilimzoea. Alikuwa akinyanyua kichwa nikivuta kiti. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, nikamrudisha. Nilizima taa. Ukurasa wako wa pili ulikuwa mweupe. Nilidhani umeuweka katikati kuzuia wino usipenye, kwa hiyo nikafuata yaliyokuwa kwenye wa kwanza na wa tatu.

Yule mwingine alimvamia kabla mkono wangu haujatoka majini. Mimi nilijua Kamishna ndiye mbabe. Hakupigana, Shangazi. Alizunguka akitafuta chungu chake, na kila akikikaribia anang'atwa. Nilitumbukiza wavu mara tatu nikakamata maji. Ukumbi ulikuwa umejaa. Haikufika nusu saa.

Ulimwona yule mwingine kwenye mchoro, ukasema huna hasira. Mbona basi hukuniambia kwamba hatamkubali?

Tumebaki kumi na watano na mmoja kati yao hatamaliza wiki. Metroni hakusubiri. Alisema, "Karani, nimekuvumilia kwa sababu ya shangazi yako. Tarehe thelathini na moja Mei fundi seremala analeta kabati." Seremala amekwisha kuja kupima. Alilaza futi juu ya kioo wakati samaki wakila.

Maji nayo yamechafuka, chini ya chungu kuna vumbi linalotembea. Nitasafisha chujio, ingawa sijui namsafishia nani.

Mpwa wako

27 Aprili

Mwanangu,

Yule mwingine yupi?

Sheria ilikuwa moja. Nilikuuliza mwezi wa pili kama kuna mgeni, nawe hukujibu. Aliingia lini, ni wa aina gani, na kwa nini nalijua hili baada ya Kamishna kufa? Kamishna yule nilimleta humo akiwa na ukubwa wa ukucha.

Nijibu kwa maneno. Michoro sitaki.

Shangazi yako

9 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nitakujibu kwa maneno, ingawa haya nilikwisha kukujibu.

Aliingia mwezi wa kumi na mbili. Kuna mtu anauza samaki kwenye mifuko ya plastiki karibu na kituo cha basi. Nilimwona mmoja ana mistari kama ya Kamishna, mdogo kuliko yeye, tumbo la njano. Nikafikiri Kamishna amekaa peke yake miaka saba, apate mwenzake. Nilijua sheria. Nilijua pia ungesema hapana. Vifo vilipoanza niliona aibu kukuandikia, nikamchora. Nilimweka katikati ya karatasi ili usimkose. Ukaniandikia kwamba umeona na huna hasira. Nililala vizuri siku hiyo.

Sasa zamu yako. Barua yako ya mwezi wa tatu nimeitoa tena. Ule ukurasa mweupe nimeushika dirishani, nikaona una mikwaruzo. Nikachukua penseli, nikaupaka polepole wote, maneno yakatokea meupe kwenye kijivu. Uliandika hivi: "Usimrudishe moja kwa moja. Kwanza gawa tangi kwa kioo, yeye upande huu, wengine upande ule, siku tatu waonane bila kufikiana. Samaki aliyetoka ni mgeni hata kama tangi lilikuwa lake." Na mengine, mpaka mwisho wa karatasi. Mistari kumi na tisa. Kalamu ilikauka wino, nawe ukaandika mistari kumi na tisa bila kujua. Kwenye ukurasa wa tatu inaonekana ulichukua kalamu nyingine, labda kwa bahati tu.

Shangazi, unaona?

Nimekaa na swali hili siku sita kabla ya kuliandika. Baba sijamwambia. Kama nimekosea, nitukane, nitafurahi.

Na kama sijakosea, basi mimi nitakuwa macho ya tangi. Nakuelezea kama lilivyo sasa hivi, saa tatu asubuhi. Tumebaki kumi na wanne. Wote wamebanana juu kulia, karibu na chujio, hawashuki. Yule mgeni, ambaye wauguzi sasa wanamwita Mjane, yuko chini kushoto mbele ya chungu. Hakimbizi mtu mpaka ashuke. Akishuka, anamfuata mpaka katikati, kisha anarudi mbio mbio kama aliyesahau sufuria motoni. Mdomo wa chungu unatazama ukutani, ndani sioni. Lile vumbi halikuondoka, nimesafisha chujio mara mbili. Limekuwa nene kama vipande vya uzi, na linaenda kinyume na maji.

Zimebaki siku ishirini na mbili.

Mpwa wako

18 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Hujakosea.

Barua hii naiandika kwa kipande cha boksi nilichokikata tundu refu. Nateremsha tundu mstari mmoja baada ya mwingine, na kalamu naijaribu mgongoni mwa mkono, nailamba kidogo, nasikia wino kwa ulimi. Utaniambia kama imefaulu.

Ilianza mwaka jana. Kwanza taa zilivaa duara, kisha dunia ikawa kama inatazamwa kupitia glasi ya maziwa. Mchana wa jua kali napata maumbo. Barua zako ananisomea jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke mwema, ila husoma kama anavyoshona: panapomchosha anaruka. Mchoro wako alinielezea kwa maneno matatu, "Samaki, mawe, samaki." Sikutaka kumuuliza zaidi, angeelewa ni kwa kiasi gani sioni, na kesho yake duka zima lingejua, na keshokutwa baba yako angekuja na gari na magodoro. Kwa hiyo nikakuandikia kwamba nimeona. Hilo ndilo neno lililomuua Kamishna. Wewe ulificha samaki mmoja. Mimi nilificha macho mawili.

Sasa sikiliza, kwa sababu leo nilimfanya jirani azisome barua zako nne mfululizo bila kuruka, na amekasirika.

Vumbi haliendi kinyume na maji. Hao ni watoto. Mjane ana watoto chini ya chungu, na pengine alikuwa na mayai humo siku uliyomtoa baba yao. Alimwona anarudi baada ya siku kumi kutoka ndooni, akamwona ni mdomo mwingine unaokuja kula wanawe. Na wale wa fedha waliokufa mwanzoni, wauaji walikuwa wawili, mume na mke, wakitengeneza nyumba. Tulitibu mahali. Ugonjwa ulikuwa ndoa.

Usimtoe Mjane. Ukimtoa, wote kumi na watatu watashuka kula. Usipange mawe. Kata kioo kipana kama tangi, ukizamishe changaraweni, umpe theluthi ya kushoto, yeye na chungu chake. Acha upenyo mdogo juu maji yapite. Kisha geuza chungu taratibu, mdomo utazame ukumbini. Atachukia siku moja. Baada ya hapo mlete Metroni, asimame kushoto, umwambie ahesabu.

Kuhusu macho. Unafikiri sijui kwamba hapo kwenu hospitalini, ghorofa ya pili, kuna daktari wa macho? Mama yetu, bibi yako, alipasuliwa jicho na akarudi nyumbani akiwa na giza lililo zima zaidi ya alilokwenda nalo. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumshusha ngazi. Kwa hiyo sijakubali. Lakini unaweza kuniambia huyo daktari ana mikono ya namna gani.

Baba yako asijue.

Shangazi yako

1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mistari yako imenyooka kuliko yangu. Wino ulikuwepo wote.

Kioo nilikatiwa na yule yule seremala. Alicheka, akasema hajawahi kuajiriwa na pande mbili za ugomvi mmoja. Saa moja baada ya kukizamisha, bapa mweupe alishuka chini kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Alikwenda mpaka kwenye kioo, Mjane akaja upande wake, wakatazamana. Bapa akaondoka kula.

Tarehe thelathini Metroni alikuja na daftari. Nikamwomba asimame kushoto. Aliinama. Akaanza, "Mmoja, wawili, watatu," kisha akaanza tena, kisha akavaa miwani. Mjane aliwakusanya wote chini ya tumbo lake. Metroni alifika arobaini na kitu wakachanganyika. Hakusema neno la kunifurahisha, alisema tu, "Kabati litakaa kwenye korido." Ila samaki wasiuane tena. Na kioo kisitoke bila yeye kuambiwa. Nimekubali yote.

Daktari wa macho. Nimemtazama wiki nzima bila yeye kujua. Ni mwanamke mfupi, haongei sana, anakuja kula kwenye benchi la ukumbini. Alhamisi alimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda lote likatoka kipande kimoja mpaka mwisho, huku anazungumza na mtu na hatazami kisu. Nilimuuliza kuhusu bibi. Akasema hajui kilichotokea wakati huo na hawezi kuniahidi. Akasema ugonjwa wako kwa maelezo unafanana na mtoto wa jicho, na kwamba wengi wanaona tena, si wote. Atafanya jicho moja kwanza, la kulia. Nimekuandikishia tarehe ishirini na tano. Nafasi naweza kuifuta mpaka siku ya mwisho.

Baba anajua unakuja kuwaona samaki. Amefua mapazia ya chumba cha nyuma. Nimemwambia ni siku chache tu. Akasema, "Tutaona." Uniandikie, hata karatasi tupu. Penseli ninayo.

Mpwa wako

12 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwangu, mezani kwangu, bila boksi.

Nimesafiri salama. Mboga zimekauka, jirani alisahau kumwagilia, nami nimeona kwa jicho langu kwamba alisahau. Yeye mwenyewe amezeeka sana. Sikujua.

Baba yako nilimwambia mwenyewe, asubuhi baada ya kupasuliwa, nikiwa bado na kitambaa jichoni. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akauliza barua zenu zote za mwaka mzima nilisomewa na nani. Nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo mshonaji anajua habari za goti langu." Hakutaja chumba tena. Siku ya kuondoka alinibebea mzigo mpaka kwenye basi, akapanda ngazi zote na goti lake. Jicho la kushoto daktari anataka mwezi wa tisa. Nimempa tarehe. Usiku nikilifumba la kulia bado naogopa, lakini tarehe nimempa.

Sasa masahihisho, maana mwalimu wako wa tangi hastaafu. Tumbo la Mjane si la njano, ni la rangi ya chungwa lililoiva. Wa fedha mmoja ana doa jeupe mgongoni, mtazame wiki hii. Watoto wakifikia urefu wa ukucha wa kidole gumba, mama yao mwenyewe ataanza kuwafukuza. Hapo watoe wote, umwite Metroni, kisha utoe kioo.

Siku waliponifungua kitambaa nilikaa kwenye benchi la watoto; wewe ulikuwa unaandikisha wagonjwa, hukuniona. Nilitazama kona ya kulia muda mrefu. Nilikuwa nikimtafuta Kamishna, ingawa najua. Nimemwambia samahani, kwa upande wangu. Upande wako utamwambia mwenyewe.

Leo nimefungua droo nikautoa mchoro wako. Nimeuweka juani. Samaki wa pili yuko katikati ya karatasi, mkubwa kuliko chungu, umemkoleza mara mbili mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Ulikuwa umeniambia.

Shangazi yako